Helmeti Kwanza, Nduthi Baadaye

Msee akisema anataka nduthi, mtaa mzima unageuka fundi. Mmoja atamwambia achukue Boxer juu spea zake ziko kila kona. Mwingine anaapa kwa TVS. Wa tatu anasema hizo ni za kitambo, sai watu wako Roam na Spiro, unabadilisha betri unaishia, petroli wachana nayo. Watabishana hivo hadi chai ipoe, na hakuna mtu atamuuliza kichwa yake ni saizi gani, ama ni nani atamfunza. Hii stori nimemwandikia huyo msee. Na ka ni wewe, uko na ganji karibu kutosha na bado hujashika ufunguo, hapo ndio pazuri kabisa pa kuongelea.

Boxer 150 mpya sai inapita laki moja na nusu. Wasee wengi wanatoa hiyo doo kwa chama, kwa sacco ama kwa mkopo wa kulipa kila siku, na wakitoka dukani mfuko umebaki na ya mafuta pekee. Helmeti inakuwa ile ya kutupiwa na duka. Reflekta ni ile ya kampeni, iko na jina la mheshimiwa mgongoni. Glavu hakuna. Shule ni binamu na kiwanja cha praimari Jumapili jioni. Mi naona hesabu inafaa kuanzia upande ule mwingine: kwanza toa ya helmeti, jaketi, glavu, njumu na masomo, weka kando, halafu yenye imebaki ndio ikuambie nduthi gani unaeza. Ka inakushusha kutoka 150 hadi 100, shuka. Ka inakuambia ungoje miezi mbili, ngoja. Nduthi haiishi sokoni.

Tuanze na kichwa. Watafiti wa Cochrane walikusanya utafiti mob kutoka nchi tofauti, wakapata helmeti inapunguza uwezekano wa kudedi kwa ajali ya nduthi kwa asilimia 42 hivi, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hakuna kitu ingine utabeba kwa nduthi inaeza kukufanyia hivo kwa hiyo bei. Lakini lazima iwe helmeti. Kofia ya mjengo imetengenezwa kwa mtu amesimama chini na kitu imemwangukia kutoka juu, haijui lami ni nini. Na ile helmeti nzuri yenye unavaa nusu, imeegemea nyuma ya kichwa na mkanda unapepea, itaruka kabla wewe hujafika chini.

Ndani ya helmeti ya ukweli kuna povu ngumu inaitwanga EPS. Ganda la nje linazuia vitu kutoboa na linatawanya pigo, lakini kazi kubwa ni ya hiyo povu. Ukigonga, inabonyea, na venye inabonyea ndio inakula nguvu ya pigo kabla ifikie ubongo. Ikishabonyea hairudi. Hiyo ndio sababu mimi kwa helmeti ya mtumba nasema hapana, hata ikuwe ni brandi kali ya Italia na inang'aa ka mpya. Ganda linaeza kuwa safi na povu ndani ishafanya kazi yake ya mwisho kwa mtu mwingine. Na ka yako ikukinge kwa ajali moja, ishukuru, inunulie mrithi. Hata bila kuanguka, watengenezaji wengi wanakuambia ubadilishe baada ya miaka mitano hivi, juu jua, jasho na wakati vinaichosha.

Sasa uko Kirinyaga Road, Grogan, huko kwenye spea za nduthi zinauzwa duka baada ya duka. Jamaa wa duka atakuita boss, atakuonyesha ukuta mzima, na atakuambia zote ni orijino. Usibishane naye. Mwambie kwa heshima, "Bro, nipe niangalie ya ndani." Bonyeza kitambaa na kidole. Ka chini ya sponji laini unapata plastiki tupu, bila povu ngumu, rudisha. Halafu geuza mkanda wa kidevu uangalie lebo imeshonwa hapo. Helmeti imepimwa kwa viwango vya Umoja wa Mataifa, vyenye vinaitwanga ECE 22, iko na herufi E ndani ya duara na namba ya nchi imeipitisha: E1 ni Ujerumani, E3 ni Italia, E4 ni Uholanzi, E9 ni Uhispania. Chini yake kuna namba ndefu. Ikianza na 06, hiyo ni kiwango kipya, 22.06. Ikianza na 05 ni ya kitambo kidogo, lakini bado ni helmeti ya maana. Herufi P kwa hiyo namba inamaanisha sehemu ya kidevu imepimwa pia, J ni ya uso wazi, na NP inakuambia kile kidevu unaona ni cha kuzuia upepo tu.

Kuna stika ya DOT, ya Marekani. Hiyo nayo usiiamini peke yake. Huko kwao mtengenezaji ndio anajithibitishia, serikali inakuja kupima zingine baadaye, na hapa kwetu ni stika yenye mtu yeyote anaeza kuchapisha. Ka helmeti iko na DOT imebandikwa nyuma na ndani haina lebo hata moja, hauna kitu umeambiwa. Za India zinakuja na alama ya ISI na namba IS 4151, hizo zimepitia mpango wao wa ubora. Kwa wenye mfuko haujajaa, hapo pia pa kuangalia pako.

Saizi nayo ndio watu wanakosea zaidi juu wanataka helmeti ikae fiti ka kofia ya kepu. Chukua futi ya fundi nguo, zungusha juu ya nyusi hadi pale kichwa imetokeza nyuma, soma sentimita, linganisha na chati ya hiyo kampuni, juu saizi M ya huyu si M ya yule. Ukiivaa mashavu yanafaa yabanwe hadi uongee ka umejaza mdomo. Tingisha kichwa: ngozi ya uso isonge pamoja na helmeti. Halafu funga mkanda, mwambie beshte ashike ukingo wa nyuma, chini, ajaribu kuipindua ije mbele. Ikitoka na imefungwa, hiyo si yako. Kaa nayo dakika kumi dukani. Ka kuna mahali moja kwa paji inachoma, jaribu aina ingine, vichwa viko na umbo tofauti.

Na tuongee nywele, juu hii mambo inafanya wasee na madem wengi waache helmeti kabisa. Ka uko na dredi, braidi ama weave, nenda kununua na ile staili unavaanga siku nyingi. Funga chini, karibu na shingo, kamwe usifunge fundo juu ya kichwa, juu hiyo fundo inainua helmeti na povu inakaa mahali haifai. Ukinunua kubwa ndio nywele zitoshe, siku ukitoa braidi inacheza. Leso ya satini ama kofia nyembamba chini yake inasaidia nywele, na inasaidia usafi pia.

Vaiza nyeusi inapiga luku, sikatai. Lakini saa moja jioni, Thika Road, na taa za magari zikikuja, hiyo luku inakufanya kipofu. Nunua ya kuona wazi, na ikishaanza kuwa na mikwaruzo ibadilishe, juu kila mkwaruzo usiku unatawanya taa kwa macho yako.

Jaketi ndio unaeza kuwai mtumba na roho safi. Gikosh na Toi zote mbili huwa na ngozi ya maana ka uko na subira ya kupekua. Angalia ndani utafute lebo iko na kapicha ka mtu amepanda nduthi na alama ya CE, hiyo ni jaketi ilitengenezewa barabara. Zile za kisasa zinaandikwa A, AA ama AAA, na herufi zikiongezeka ndio inavumilia kusuguliwa na lami zaidi. Halafu guza mabega na viwiko: kuna mifuko ya ndani ya kuweka pedi. Pedi zikiwa ziko, soma kama zimeandikwa EN 1621-1, kiwango cha 1 ama 2. Zikiwa hazipo, unaeza kununua pedi kando uingize. Jaketi ya ngozi ya kuendea rave ni nyembamba na laini, na mshono wake ni wa mstari mmoja. Ukishuka nayo inafunguka kwa mshono na lami inakutana na wewe. Vuta mishono na nguvu ukiwa hapo hapo. Mwenye kuuza akinuna, mwambie pole, na uendelee kuvuta.

Najua joto. Jaketi ya neti ngumu, ile inapitisha upepo, na pedi ndani, inakubali Kanairo mchana. Baridi ya asubuhi ya kutoka Limuru ama Ngong ni stori ingine, na ndio maana unaona wasee wamevaa jaketi nyuma mbele kuziba kifua. Hiyo inasaidia upepo, lakini zipu iko mgongoni na mikono haigeuki vizuri. Afadhali gazeti ama fulana nzito ndani, na jaketi ivaliwe venye ilishonewa.

Glavu watu wanasemanga ni za baridi. Cheki mtoto akijikwaa: mikono ndio inatangulia. Wewe pia utafanya hivo, mwili hauulizi. Glavu ya ngozi yenye kiganja kimeongezwa ngozi ya pili na iko na mkanda wa kukaza kwa mkono, hata ka ni ya bei ya chini, itaokoa ngozi ya viganja, na bila viganja hata chai hujishikii. Kwa miguu, kitu ifunike kifundo. Buti za mjengo zilizofungwa kamba vizuri ni mwanzo mzuri sana, ficha tu hizo kamba zisishikwe na kanyagio. Slipas, kroksi na akala ziache za kwenda duka ya mtaa kwa miguu. Jeans ya kawaida ni afadhali kuliko kaptula na hapo ndio sifa yake inaisha, so pedi za magoti za kuvaa juu nunua.

Reflekta na helmeti ni sheria, si ombi. Sheria ya Trafiki, sura ya 403, inataka kila mtu kwa nduthi avae, na mwenye kuendesha anafaa awe na za abiria wake, abiria mmoja. Mi nakuambia uvae hata kwa barabara yenye karao hakanyagi, juu dere wa lori usiku haonagi wewe, anaonaga ile mistari ya kung'aa. Ikifubaa ama ikifunikwa na begi, haikusaidii.

Hadi hapo umenunua vitu za siku ya kuanguka. Sasa tuongee za kutoanguka, na hapa ndio roho yangu iko.

Kwa kiwanja, binamu anakuonyesha klachi, gia na mafuta. "Achilia pole pole." Nduthi inaruka, inazima, inaruka tena, na ikikubali kwenda nyote mnashangilia. Jumatatu uko Outering katikati ya matrela. Umejifunza kuondoka. Kusimama hakuna mtu amekufunza.

Kwa steji nyingi utaambiwa usiguse breki ya mbele, itakurusha juu ya usukani. Hiyo stori imeumiza watu wengi. Ukishika breki, uzito wa nduthi pamoja na wako unahamia mbele, tairi ya mbele inakandamizwa kwa lami na inashika zaidi, ya nyuma inabaki nyepesi. Kwa lami kavu, karibu asilimia 70 ya nguvu ya kukusimamisha inatoka mbele. Mwenye anakanyaga ya mguu peke yake ameacha sehemu kubwa ya breki zake bila kutumia, na kwa dharura tairi ya nyuma inajifunga, inateleza kando, anajipata chini na hajagongwa na mtu. Chenye hurusha watu ni kunyakua ile ya mbele ghafla. Inafaa ibanwe: mguso wa kwanza unasubiri uzito usonge mbele, halafu unaongeza, unaongeza, na mguu unasaidia kidogo nyuma. Nduthi nyingi za kazi hapa ziko na breki za dramu na hazina ABS, so hiyo akili ya vidole ndio ABS yako. Fanya hiyo zoezi ukiwa kilomita 20 kwa saa, halafu 30, halafu 40, mahali hakuna gari, mara nyingi hadi vidole vijue bila kuambiwa.

Na ujue hesabu yake. Kwa kilomita 60 kwa saa unakula karibu mita 17 kila sekunde. Ile sekunde moja ya kushtuka kabla mkono ufike kwa breki, hizo mita zote zimeenda na bado hujaanza kupunguza. Spidi ikipanda kutoka 30 hadi 60, umbali wa breki yenyewe unakuwa mara nne. Ndio maana ile tabia ya kubandika gurudumu nyuma ya nganya inanitia uwoga. Hesabu sekunde mbili kati yenu, na mvua ikinyesha fanya nne.

Macho nayo yanaendesha nduthi kuliko mikono. Ukikazia shimo, utaingia shimo. Angalia ile nafasi unataka kupita, na mwili utafuata. Kwa kona, punguza spidi kabla, geuza kichwa hadi uone mwisho wa kona, halafu ukitaka kuinama kushoto sukuma mkono wa kushoto mbele kidogo. Wasee wengi wanafanyanga hii bila kujua. Mwenye anajua anaeza kuitumia siku gari imemkatia.

Kuna zoezi hakuna mtu anapigia makofi, la kwenda pole. Nusu ya klachi, mafuta yakae sawa, breki ya nyuma imeguswa kidogo tu, kichwa imegeuka hadi begani, zunguka kwa nafasi ndogo bila kuweka mguu chini. Foleni ya tao ni hiyo tu, asubuhi na jioni. Kwa nduthi ya stima hakuna klachi, na nguvu inakuja mara moja, so ile breki ya nyuma ndio inakuwa kila kitu. Tena hiyo nduthi haina sauti. Mathe anavuka na mzigo wa mboga hatakusikia, so wewe ndio umuone.

Shule basi. Leseni ya gari, ile ya B, haikuruhusu nduthi. Nduthi ya kawaida ni A2, na A3 ni ya wenye watabeba abiria, makurier na tuktuk. Unaanza na leseni ya muda ya mwanafunzi na ile alama ya L. Kuna shule zenye somo la nduthi ni kukuzungusha kwa koni kidogo, uende ukafanye testi. Kabla ulipe, waulize nduthi wako nazo ngapi, utapanda masaa mangapi, na ka watakufunza kusimama kwa dharura. Uliza nani atakutoa barabarani, na atakuwa wapi ukiwa huko. Instrakta akifunza bila helmeti, hapo umeshajibiwa. Ukimaliza, tafuta msee amekaa kwa nduthi miaka mingi na mwili wake wote uko, mfuate nyuma wikendi mapema, barabara ikiwa tupu, na mkisimama muulize kwa nini alipunguza pale.

Atakuambia vitu za hapa zenye kitabu hakiandiki. Kwamba nganya inaeza kusimama mahali popote, na mlango wake uko kushoto, so ukipenya kati yake na ukingo wa barabara utakutana na mtu anaruka nje. Kwamba mvua ya kwanza baada ya jua refu ndio mbaya zaidi, juu vumbi na oili za miezi zinapanda juu ya lami na kuwa utelezi, na rangi nyeupe za zebra na vifuniko vya chuma vya mitaro vinageuka sabuni. Kwamba kuna matuta hayana rangi wala alama. Na ule mwavuli mkubwa wa boda, yaani unakufunika mvua na unakufunika pia kuona, halafu upepo ukiingia ndani yake wewe si dere tena.

Siku ingine, wewe na mbogi yako mpate mafunzo ya huduma ya kwanza. Red Cross na St John wanafunza. Kitu moja ya kubeba kutoka huko: msee akianguka, usimvue helmeti mbio mbio ndio apate hewa. Shingo inaeza kuwa imeumia. Fungua vaiza, ongea naye, zuia umati, pigia 999 ama 112. Helmeti inatolewa na mwenye anajua, isipokuwa hapumui.

Abiria aje mwisho kabisa. Mtu nyuma anabadilisha kila kitu: nduthi inachelewa kusimama, inayumba kwa pole, inainama na mtu mwenye haujui anaangalia wapi. Kaa peke yako hadi zile breki ziwe kwa vidole, hata ka manzi anakuambia twende Ngong Hills hii wikendi. Siku ukiwa tayari, mwonyeshe apandie kushoto, juu ekzosi iko kulia, na ile alama ya kuchomeka ndama ya mguu madem kibao wako nayo hadi leo. Mwambie akushike kiuno, na uangalie anafunga mkanda wa kidevu yeye mwenyewe. Kigali abiria wa moto, yaani nduthi za huko, anapewa helmeti na anaivaa, hakuna mjadala. Yako ya pili inunue na kiwango sawa na ya kwanza, na usimnunulie kwa kukisia. Nenda naye Grogan, na ile futi ya fundi nguo.